Maswali na majibu: Meli inakaa Santorini masaa kumi na moja, je tutamaliza kisiwa?

SWALI: Shikamoo. Sisi tuko Leicester, mimi na mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 13) na mama mkwe ambaye ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Agosti tunapanda meli Piraeus (bandari ya Athens), siku saba, tunapita Mykonos, Kuşadası, Rhodes halafu Santorini. Santorini imeandikwa 07:00 mpaka 18:00. Kuna kaka mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp katuuzia ratiba, asubuhi kijiji cha Oia, kisha Red Beach na magofu ya Akrotiri, mchana boti ya kwenda kwenye volkano, halafu tunarudi Oia kuona jua likizama ndio tuingie melini. Dereva wake atatusubiri bandarini, na anasema tukichelewa kidogo meli itasubiri kwa sababu tumelipa. Iko sawa? Na mama apande punda au kebo?

JIBU: Marahaba dada. Nianze na huyo dereva, maana hapo ndio nimeshajua kila kitu kuhusu hiyo ratiba. Anawasubiri bandari gani? Boti zinazoshusha abiria wanaotembea wenyewe zinaenda bandari ya zamani, chini ya mji wa Fira, na pale hakuna barabara ya gari. Kuna gati dogo, vijimgahawa viwili vitatu, na mbele yako mwamba umesimama kama ukuta, zaidi ya mita 200 kwenda juu. Gari linafika Athinios, bandari ya feri, na pale wanapelekwa wale walionunua ziara ya meli yenyewe, basi linawasubiri. Nyinyi hamtashushwa pale. Halafu hilo jua, Agosti Santorini jua linazama karibu saa mbili usiku. Meli yenu inaondoka saa kumi na mbili jioni. Huyo kaka kachukua pesa ya watu kuwauzia machweo ambayo mtakuwa mnayaangalia mkiwa katikati ya bahari.

Ndio maana naandika kwa hasira kidogo, samahani. Nilikaa dawati la ziara kwenye meli za huko Mediterania miaka sita kabla sijaanza kuwapangia watu safari, na kila wiki nakutana na ratiba kama hii, imechukuliwa TikTok, imepakwa rangi, imeuzwa. Na kosa ndani yake ni lile lile siku zote, mtu anasoma 07:00 mpaka 18:00, anatoa, anapata masaa kumi na moja, anayajaza yote mpaka dakika ya mwisho. Yale ni masaa ya meli kuwa pale. Siyo masaa yako.

Tuhesabu pamoja. Santorini meli haifungi gatini, haina gati la kuitosha, inakaa katikati ya lile ziwa la bahari lililobaki baada ya volkano kulipuka na kuzama miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, na kina chake kinapita mita 300 kwa hiyo hata kutia nanga ni shida. Mnateremshwa kwa boti ndogo, wenyewe wanaziita tenda, mnapewa namba na mnasubiri namba iitwe. Wa ziara za meli wanatangulia. Kwa hiyo meli ikifika saa moja, nyinyi kukanyaga gati saa mbili na nusu mpaka saa tatu ni kawaida kabisa. Halafu mnapanga foleni ya kebo. Kebo ya Santorini ni vibanda sita vinaning'inia kwenye waya, kila kibanda watu sita, yaani watu 36 kwa mkupuo, na safari yenyewe haizidi dakika chache. Sasa meli moja ya abiria 3,000 ni mikupuo zaidi ya 80. Na hamtakuwa meli moja, tangu 2025 wameweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, maana yake siku iliyojaa ni watu elfu nane wanaopitia mlango mwembamba. Mkifika juu Fira saa tatu na nusu mshukuru.

Hapo ni kupanda, na kupanda kila mtu anakumbuka. Kinachowaua watu ni kushuka. Asubuhi mnapanda kidogo kidogo kwa sababu meli zinatofautiana muda na boti zinawagawa, lakini jioni wote mnataka kushuka kwa wakati mmoja, wale wa basi wa Athinios nao mara nyingi wanaachwa Fira washuke kwa kebo hiyo hiyo. Nimeisimamia hiyo foleni kwa macho yangu saa tisa alasiri, inaanza kituoni, inapita mbele ya maduka ya sonara, inakunja kona, inapanda ngazi za kichochoro, hakuna kivuli, watu wamejifunika vichwa kwa ramani na mataulo, mtoto mmoja analia, bibi mmoja kakalia kizingiti cha duka na mwenye duka anamwambia ainuke. Saa moja na nusu walisimama pale. Na kila baada ya dakika chache honi ya meli inasikika kutoka chini na watu wazima wanaanza kusukumana.

Kwa hiyo ratiba ya bandari haianzii asubuhi, inaanzia mwisho inarudi nyuma. Meli inaondoka 18:00. Boti ya mwisho itaandikwa kwenye karatasi ya siku mnayopewa usiku kabla, tuseme 17:00. Basi mama awe kwenye foleni ya kebo saa tisa, siyo saa kumi na nusu. Kutoka saa tatu na nusu mpaka saa tisa mna masaa matano na nusu juu ya kisiwa. Hayo ndio yenu.

Na hapa kuna kitu cha kwetu sisi waswahili, nakisema kila safari. Meli inaandika 17:00, wewe unamwambia mama saa kumi na moja, mume anawaambia watoto saa tano kwa sababu wamezaliwa Uingereza na saa yetu hawaijui, mwisho familia moja ina saa tatu tofauti. Andikeni saa zote mbili kwenye karatasi, 17:00 na saa kumi na moja jioni, kila mtu mfukoni. Nyinyi kwa bahati mnaanzia Piraeus kwa hiyo saa ya meli na ya nchi kavu zinafanana, na kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa na ya Dar na Nairobi. Wanaoanzia Italia ndio waangalie sana, Ugiriki imetangulia Italia saa moja, simu inajibadilisha yenyewe, lakini kuna siku meli inabaki na saa yake ya zamani. Uliza kila bandari.

Masaa matano na nusu mfanyeje? Oia iko kaskazini, kama kilomita 11 kutoka Fira, Akrotiri na Red Beach ziko kusini, barabara ni nyembamba na siku za meli magari yanajazana. Ukichukua zote unaziona kwenye dirisha la gari. Red Beach mimi sipeleki mtu, mwamba wake unamomonyoka na maonyo yapo miaka mingi, na baada ya yale matetemeko ya Februari 2025 yaliyowahamisha watu zaidi ya elfu kumi na moja kisiwani sitaki hata kubishana. Volkano ni boti nyingine kisha mnapanda kwa miguu kwenye majivu na jua kali, mama magoti hayo, iondoe.

Ningekuwa nyinyi ningekaa Fira na kuchagua kitu kimoja tu cha nje. Akrotiri ni mji uliofukiwa na majivu ya ule mlipuko, mwanaakiolojia Marinatos alianza kuuchimba 1967, lakini vingi vya kushika moyo vilivyotoka kule viko kwenye makumbusho ya Thera ya Kale (Thera ndio Santorini yenyewe) hapo hapo Fira mjini. Kuna picha ya ukutani ya nyani wa buluu, na kuna kambuzi ka dhahabu, kadogo unakafunika kwa kiganja, kalikutwa 1999 kakiwa kwenye sanduku. Watoto wako watakasimamia hako kambuzi kuliko magofu yote, nawahakikishia. Angalia tu siku yao ya kufunga kabla hamjaondoka. Halafu mtembee taratibu mpaka kijiji cha jirani, Firostefani, kama robo saa, mandhari ni ile ile ya Oia na watu wamepungua. Kama mume anang'ang'ania Oia, basi la umma lipo kutoka kituo cha Fira, nusu saa hivi, mwende asubuhi mara mkishapanda na siyo baada ya chakula, na ikifika saa saba mchana muwe mmeshageuza.

Mama na punda, hapana. Simkatazi kwa ajili ya magoti tu. Wengi wao ni nyumbu kwa kweli (wale wa punda na farasi, siyo wa Serengeti), warefu, wanapenda kubana ukutani na goti la mpandaji linasuguliwa kwenye mawe, na njia yao ni zile zile ngazi karibu 590 ambazo watu nao wanatembea, mawe yameteleza kwa miaka na kinyesi kimejaa. Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki ilitoa agizo mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake, ujue hali ilikuwaje mpaka ikafika kuandikwa. Apande kebo, ila mjue vituo vya kebo vina ngazi ndani, na kabla ya hapo kuna kuingia kwenye boti. Baharia atamshika kwenye kigasha na siyo kiganja, mama naye amshike hivyo hivyo, boti ikipanda na wimbi ndio anakanyaga, asiruke. Bahari ikichafuka wanaweza kumkatalia mtu asiye imara miguu, na wakimkatalia msigombane nao. Mkitaka kumrahisishia zaidi nunueni ziara ya meli ya kupitia Athinios, ni ghali, lakini ulizeni kwanza kurudi ni kwa basi au kwa kebo, maana hapo ndio wanapokaa kimya.

Sasa hili la "meli itasubiri". Jamani. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu anayelisema halipi gharama yake. Meli inasubiri watu wa ziara yake yenyewe, kwa sababu yenyewe ndio iliyowapeleka. Wewe uliyetoka na dereva wako, hata mkiwa ishirini, inaondoka. Bandari inayofuata imeshapangiwa muda, na kufidia saa moja iliyopotea ni kuchoma mafuta mengi usiku kucha. Nimesimama mlangoni jioni, kila kadi ikigusa mashine inalia ting, jina linatoka kwenye orodha, mwisho yanabaki majina mawili. Wanaitwa kwenye spika mara tatu. Halafu afisa anapanda chumbani kwao, anatafuta paspoti, zinatiwa kwenye bahasha na kuachiwa wakala wa bandari, boti ya mwisho inavutwa juu, basi. Bandari nyingine utaona watu wanakimbia gatini wakipunga mikono. Santorini hata pa kukimbilia hakuna, unaiangalia meli ikigeuka kule chini ukiwa bado uko kwenye foleni ya kebo.

Machi 2024 abiria wanane waliachwa São Tomé, walikuwa wametoka na ziara ya binafsi wakachelewa kurudi, meli ilikuwa bado inaonekana na hawakupandishwa. Baadhi yao waliifukuza nchi hadi nchi kwa pesa yao mpaka wakaikuta Senegal. Na wale nao walikuwa wamelipa.

Kwa hiyo popote mnapoenda, iwe Santorini, Mykonos au kwingine, mtu akikuuzia ziara muulize swali moja, tukichelewa nani analipa ndege na hoteli mpaka tuikute meli? Akianza kucheka, akikwambia haijawahi kutokea, akikuonyesha picha za wateja wamefurahi, rudisha pesa yako mfukoni. Kuna waongozaji wazuri sana wa binafsi kule, wanaokuomba karatasi ya meli wenyewe, wanakurudisha saa moja na nusu kabla na ukibisha wanakukasirikia. Hao nawatumia mimi. Hawapatikani kwa mtu wa grupu anayekata asilimia juu.

Lingine hujaliuliza na linanitia wasiwasi kuliko kebo. Mnatoka Ugiriki mnaingia Kuşadası, Uturuki haiko Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja), halafu mnarudi Rhodes, Ugiriki tena. Kama kuna mtu kwenu anasafiri na paspoti ya Tanzania au Kenya, kibali chake cha kuishi Uingereza hakimsaidii hapo, na kurudi Rhodes ni kuingia mara ya pili. Fungua paspoti ya mama leo, ukurasa wa viza, palipoandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa ni MULT (mara nyingi) au 02 mko salama. Ikiwa ni 01, piga simu ubalozini kesho asubuhi kabla hujamtafuta yule kaka akurudishie hela.