Jinsi "get" ilivyonifanya nichekwe mlimani

Msimu wangu wa kwanza wa kuongoza wageni Kilimanjaro tulikuwa kambi ya Karanga, njia ya Machame, tumemaliza kula, na zamu ya kueleza safari ya kesho yake ilikuwa yangu. Kesho ilikuwa kupanda Barafu, zaidi ya mita 4,600. Nilitaka kuwaambia wale vijana wa Kimarekani kwamba tutafika juu sana, kwa hiyo wanywe maji ya kutosha. Nikasema kwa kujiamini kabisa: "Tomorrow we will get very high."

Hema likaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama nimebeba ya kuwatosha wote. Nikacheka nao bila kujua nacheka nini, mpaka mpishi wetu aliponivuta pembeni: "Umewaambia kesho mtalewa bangi."

Shuleni nilikariri kwamba get ni kupata, basi. Vijana ninaowafundisha sasa wanakuja na jibu hilohilo, na silaumu mtu, kwa sababu si uongo. Tatizo ni kwamba kupata ni mlango tu wa nyumba yenye vyumba vingi.

Kitenzi chenyewe Waingereza walikiazima. Kilikuja na Wanorse, wale mabaharia wa kaskazini waliovamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, kisha wakahamia, wakalima, wakaoa, hata mfalme wao Cnut akatawala Uingereza kuanzia 1016. Wao walisema geta. Waingereza walikuwa na ndugu yake, gietan, lakini hakutembea peke yake, alibanwa ndani ya maneno mengine. Mojawapo lingali hai: forget. Maana yake ya asili ni kama kupoteza ulichokishika, jambo ambalo sisi nasi tunalisema vilevile, "jina lake limenitoka". Hata hiyo g nzito tunayoitamka kwenye get ni ya Wanorse. Waingereza wa kale wao walianza na sauti ya y. Huwa nawaambia vijana wasione ajabu: na sisi tulichukua safiri, samehe na fahamu kutoka kwa Waarabu, leo nani anakumbuka?

Kilichonisaidia kuelewa get si kamusi ya Kiingereza. Ni Kiswahili. Chukua pata uone tunavyoicheza. Patia, patana, patikana, patanisha, patwa. Jua likipatwa, hakuna aliyepata kitu. Sisi mabadiliko tunayabandika mwishoni mwa kitenzi, kwenye mkia. Mwingereza mkia wake hauungi, anauacha pembeni kama neno linalojitegemea, nasi tunalipita bila kulitazama. Patana kwake ni get along. Shuka basini ni get off. Amka ni get up. Kupona huzuni au ugonjwa ni get over. Kujikimu kwa kipato kidogo ni get by. Get haijabadilika hata herufi moja, kazi yote imefanywa na mkia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukisikia get, usiihangaikie yenyewe. Sikiliza kinachofuata. Kikifuata kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea au kwenda kuleta. Pakifuata mahali, ni kufika. Ikifuata sifa, hapo ndipo wengi tunapoteleza, maana get inakuwa "kuingia katika hali", na Kiswahili hakihitaji neno la kuingilia. Hali imo ndani ya kitenzi. Get tired ni kuchoka, get wet ni kulowa, get lost ni kupotea. Nimesoma tafsiri imeandikwa "wageni walipata kuchoka" nikaumia jino. Kwangu mimi sifa iliyofuata ilikuwa high, na bahati mbaya wenzetu wameshaipa kazi nyingine.

Akifuata mtu, kuwa mwangalifu zaidi. Mgeni aliwahi kukwama uwanja wa ndege wa KIA, mtandao unasumbua, nikamwandikia "Don't worry, I will get you", kichwani nikimaanisha nitakupata tu. Alionyesha wenzake ujumbe ule safari nzima. Kwa Kiingereza, sentensi hiyo bila neno jingine nyuma yake inaweza kusomeka kama "utanitambua". Ningeongeza mkia mdogo, "get you from the airport", yangekwisha.

La pili: usipokuwa na uhakika, tumia kitenzi chenye kazi moja. Reach, receive, become, understand. Kwenye barua ya kuomba kazi mimi siandiki get kabisa. Mdomoni lakini usiikimbie, utasikika kama tangazo la serikali. Na ukimsikia Mmarekani akisema gotten usimsahihishe. Umbo hilo ni la zamani, Waingereza wengi ndio walioliacha, ingawa kwenye forgotten bado wanalo.

Tena mgeni akikwambia "Get out of here!" baada ya kumweleza kwamba wapo wapagazi waliofika kileleni mara mia, usiondoke. Mimi niliondoka. Alikuwa anasema "acha utani".

Msimu uliopita nilipata faraja yangu. Mama mmoja kutoka Chicago alikuwa anajifunza Kiswahili, daftari mkononi tangu getini. Pale Shira mpishi alikuwa akikata karoti, akakitupa kisu mezani kwa hasira: "Hiki hakipati!"

Yule mama akafungua daftari, akatafuta pata, akatazama kisu, akatutazama sisi.

"Hakipati nini?"