Kwa nini update.exe inadai ruhusa ya msimamizi
Kama update.exe yako haigusi chochote cha mfumo na bado Windows inadai ruhusa ya msimamizi, shida si msimbo, ni jina. Tangu Windows Vista, programu ya biti 32 isiyo na manifesti (maelezo ya XML yanayoiambia Windows mahitaji ya programu) inayotaja kiwango cha ruhusa hubahatishiwa na Windows: jina lenye "install", "setup" au "update" huifanya ionekane kisakinishi, yaani programu ya kusakinisha nyingine, hivyo Windows inadai ruhusa. Kubadilisha jina kunasaidia, ila ni kiraka tu. Pachika manifesti ndani ya faili, uweke requestedExecutionLevel yenye thamani asInvoker (tumia ruhusa za aliyeiendesha), ubahatishaji unakoma. Programu za biti 64 haziguswi na hili, lakini manifesti iweke hata huko. Tafadhali usiwaambie watumiaji wazime UAC (kinga ya Windows inayouliza ruhusa hiyo), utawaondolea kinga dhidi ya programu nyingine zote.