Maswali ya wasomaji: Alhamisi nina randevu kwa mwanasaikolojia

Mama Mshauri, jambo sana. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika komini ya Kadutu, hapa Bukavu, mwenye umri wa miaka 38, nina mke na watoto wanne. Miezi minane iliyopita moto uliteketeza nyumba za mbao za mtaa wetu wakati wa usiku. Nyumba yetu ilinusurika, lakini mtoto wa jirani, ambaye nilikuwa nikimfundisha, hakutoka. Tangu siku hiyo usingizi wangu hauzidi muda wa saa tatu, harufu ya moshi hunitoa jasho, na mke wangu amelazimika kupikia kwa dada yake kwa sababu siwezi kuvumilia kuona mbabula (jiko la makaa) ikiwashwa uani. Muuguzi wa kituo cha afya amenipa barua nikaonane na mwanasaikolojia siku ya Alhamisi, nami nina hofu. Je, nitalazimika kueleza yote siku hiyo? Atayatunza, ilhali Bukavu tunajuana sote na huenda anasali pamoja na direkta wangu? Atanipa dawa? Pasta wetu anasema hiyo ni roho ya mauti na inatoka kwa kufunga na kuomba, na mke wangu anataka tuingie pamoja kwa mwanasaikolojia.
Mwalimu, Kadutu

Ndugu Mwalimu, pole kwa mtoto huyo, na pole kwa miezi minane ya kukesha. Naanza na swali lako la kwanza kwa kuwa ndilo linalowafanya wengi wafike mlangoni kisha wageuke: hapana, hutalazimika kueleza yote siku ya Alhamisi. Mwanasaikolojia aliyefunzwa vizuri hatakudai usimulie usiku ule kwa kinaganaga kabla hamjafahamiana, na ukianza kuumwaga wote kwa pumzi moja huenda yeye mwenyewe akakuomba upunguze mwendo. Ukimwambia "hilo nitalisema siku nyingine", umejibu, na hatakushurutisha.

Utakachokikuta ni chumba chenye mlango unaofungwa, viti viwili ambavyo mara nyingi havitazamani uso kwa uso bali vimewekwa mshazari kidogo ili macho yako yapate pa kupumzikia, na mtu mwenye daftari. Kabla ya kukuuliza lolote, anapaswa kukueleza yeye ni nani, mtakaa muda gani (kwa kawaida kati ya dakika 45 na saa moja), anaandika nini na karatasi hiyo inafungiwa wapi. Kisha anakuomba ridhaa yako. Asipokueleza hayo, muulize wewe. Si utovu wa adabu.

Hapo ndipo swali la siri linapopata jibu lake. Unayoyasema hayaendi kwa direkta, wala kwa pasta, wala kwa mke wako, isipokuwa wewe umeruhusu. Yapo mambo machache tu yanayovuka mlango huo, na ni lazima uyasikie mapema: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukiwa unakusudia kumdhuru mtu, au kukiwa na mtoto anayeteswa, mwanasaikolojia hawezi kukaa kimya, na hata hapo atakuambia kwanza anachotaka kufanya na atamweleza nani. Kuhusu kujuana kwetu, una haki ya kumuuliza waziwazi kama anamfahamu direkta wako, na ikiwa wanafahamiana, kuomba upelekwe kwa mwenzake. Mkikutana Nyawera sokoni, wengi wetu wanasaikolojia tunasubiri wewe ndiwe utangulie kusalimia. Usipotusalimia tunapita kama tusiokujua. Nimewahi kulaumiwa kwamba nina maringo kwa sababu ya desturi hiyo, na lawama hiyo naibeba kwa moyo mweupe.

Baada ya hapo yatakuja maswali, na mengi yatakushangaza kwa udogo wake. Unalala saa ngapi, na kinachokuamsha ni ndoto, sauti au harufu? Unakula? Unakunywa pombe, kasiksi au kanyanga, ili upate usingizi, na kiasi gani? Uliwahi kuugua hivi zamani? Ni nani nyumbani anayejua hali yako? Atakuuliza pia kama umewahi kufikiri kwamba afadhali kufa. Usidhani ameona jambo usoni pako, kwa sababu swali hilo huulizwa kwa kila anayeingia, na kuliuliza hakumtii mtu wazo la kujiua. Kama wazo hilo lipo, liseme siku hiyo hiyo ya kwanza. Ni jambo moja ambalo sitakushauri uliahirishe.

Huenda akakupa pia fomu ya kujaza. Mojawapo inayotumika sana ina maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haipiti 27. Nawajua walimu: mtaitazama kama mtihani na kutafuta jibu sahihi. Halipo. Alama hizo zinamsaidia kulinganisha hali yako ya Alhamisi hii na ile ya baada ya miezi miwili, basi. Ukijibu ili uonekane mzima, utakuwa umempa mganga joto la mtu mwingine.

Zungumza lugha inayokujia. Kifaransa cha shuleni ni kizuri kwa ripoti, lakini mtu huumia kwa lugha aliyoililia utotoni, na ikiwa sentensi fulani inatoka kwa Mashi tu, itoe kwa Mashi, kisha mtafute maana yake pamoja. "Moyo unaruka", "kichwa kimejaa mawazo", "mwili umekufa ganzi": misemo hiyo humweleza mwanasaikolojia mambo mengi kuliko jina la ugonjwa ulilolisikia redioni. Kutakuwa na kimya pia. Sisi tumezoea kwamba mzee akinyamaza kikaoni amekasirika au anatafuta hukumu. Huyu akinyamaza, amekuachia nafasi. Usitegemee akupe nasaha kama baba mdogo, "fanya hivi, acha vile". Ataweza kukufundisha namna ya kupumua au ya kurudisha usingizi, lakini uamuzi wa maisha yako ataurudisha mikononi mwako, na jambo hilo huwaudhi wagonjwa wengi mwanzoni.

Sasa kuhusu mbabula, kwa sababu nadhani ndiko kazi yenyewe itakakoelekea. Moto ule uliufundisha mwili wako kwamba moshi ni kifo, nao umelishika somo hilo barabara. Kila mara mke wako anapobeba makaa kwenda kwa dada yake unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayouthibitishia mwili kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa. Kwa hiyo hofu hailegei, inazidi kukua. Mwanasaikolojia hatakuketisha mbele ya moto siku ya kwanza. Kwa kawaida mtaanza kwa kutuliza mwili, kisha mtausimulia usiku ule polepole, ukiwa na mwanzo, katikati na mwisho, kwani sasa hivi katika kichwa chako hauna mwisho. Baadaye, kwa ngazi mtakazozipanga nyinyi wawili, huenda ukashika kipande cha makaa baridi mkononi, ukaketi uani mbabula ikiwa tupu, ukaketi mbali ikiwa imewashwa, ukabaki hapo bila kukimbia mpaka moyo ushuke wenyewe. Kati ya kikao na kikao kutakuwa na kazi ya nyumbani, na hapo mwalimu atageuka mwanafunzi.

Nikuonye jambo moja ambalo wenzangu wengi husahau kulisema. Baada ya vikao vya kwanza unaweza kujisikia vibaya zaidi, ukachoka kana kwamba umebeba mizigo kutoka bandarini, na ndoto zikaongezeka kwa siku kadhaa. Wengi hukomea hapo wakisema "imenizidishia". Ikiwezekana, usipange kufundisha mara tu baada ya kikao. Tembea kwanza kwa miguu, kunywa chai, usifike nyumbani ukakutana na maswali ya watu. Hali hiyo ikizidi juma moja, mweleze kwenye kikao kinachofuata ili apunguze mwendo. Kimsingi mkutano wa kwanza hautakuponya, nami ningekuomba umpe mtu huyo angalau vikao vitatu au vinne kabla ya kuamua kama mnaelewana.

Dawa? Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anayeandika ni daktari, hasa daktari wa magonjwa ya akili, na kwetu madaktari hao ni wachache sana. Ukihitaji, atakutuma kwake, na kupelekwa kwenye kituo cha magonjwa ya akili kama Sosame hakumaanishi kwamba umetiwa muhuri wa wazimu. Kama umekuwa ukijinunulia Valium dukani ili ulale, usifiche. Vidonge hivyo havitibu kumbukumbu ya moto, mwili huvizoea haraka, na mtu aliyevitumia kwa muda mrefu hapaswi kuviacha ghafla bila daktari.

Vikao ni vingapi? Mara nyingi ni kimoja kwa juma. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu mfupi wa vikao 5 kwa watu walioelemewa na matatizo, na tiba nyingi za majeraha ya nafsi huchukua vikao 8 hadi 16. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongo Mashariki na kuchapishwa mwaka 2013 uliwahusu wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Kundi moja lilipata kikao 1 cha mtu peke yake na vingine 11 vya kikundi, vikiongozwa kwa lugha za huku na wale wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii tunaowaita APS. Miezi 6 baada ya tiba, wenye dalili nzito za huzuni au wasiwasi katika kundi hilo walikuwa 9 tu katika kila 100, ilhali katika kundi lililopata msaada wa kawaida walikuwa 42. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma wala kuandika. Nalitaja kwa sababu naambiwa kila mara kwamba haya ni mambo ya Wazungu na ya wasomi.

Nasikia pia kwamba ni mambo ya wanawake. Naelewa linakotoka: wengi hapa mjini walilisikia neno mwanasaikolojia kwa mara ya kwanza kupitia Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kupambana na ubakaji unaotumiwa kama silaha. Lakini moto hauchagui, na mwanaume aliyekosa usingizi miezi minane ana haki ya kiti hicho kama mwingine yeyote.

Kuhusu pasta, endelea kuomba. Hakuna mwanasaikolojia wa maana atakayekuzuia, na akikudharau kwa imani yako umepata sababu ya kumwacha. Ninachokikataa ni kufunga kula kwa siku nyingi wakati tayari hulali, maana mwili wenye njaa na usingizi hutetemeka zaidi, kisha tunaliita hilo pepo. Mke wako akusindikize, akungoje nje. Kikao cha kwanza ingia peke yako. Baadaye, ukitaka, mwombe aitwe, kwa sababu suala la mbabula linamhusu na msaada wake utahitajika. Bei iulize kabla ya kuketi, kwani kuna mahali ambapo mradi unalipa na mahali ambapo unalipa mwenyewe, kwa franka au kwa dola. Na akikugusa isivyostahili, akikuuzia dawa mkononi, akiomba pesa pembeni au akianza kukusimulia siri za mgonjwa aliyetoka, simama uondoke, kisha umwarifu mkuu wa kituo.

Mama Mshauri, binti yangu wa miaka 7 amerudia kukojoa kitandani tangu baba yake alipofariki, na shuleni hasemi. Nimeambiwa nimpeleke kwa mwanasaikolojia. Mtoto asiyesema atafanya nini huko?
Mama wa Bagira

Mama, atacheza. Kwa kawaida wewe ndiwe utakayeulizwa kwanza, pengine mtoto akiwa nje: alizaliwaje, alianza lini kuzungumza, aliambiwa nini kuhusu kifo cha baba yake na nani alimwambia. Jiandae kwa swali hilo la mwisho, kwa sababu katika familia zetu mtoto huambiwa "baba amesafiri", kisha tunashangaa anapomngoja. Halafu atapewa karatasi na kalamu za rangi, au vidoli, na mwanasaikolojia ataketi chini kwenye mkeka pamoja naye. Anaweza kumaliza vikao viwili bila kusema neno, akichora nyumba yenye watu wanne ilhali mmebaki watatu, na hiyo tayari ni habari. Ukimchukua usimhoji njiani kwa "alikuuliza nini, ulimjibu nini". Kukojoa kitandani usimchape wala usimwanikie godoro mbele ya majirani. Na siku ya kumpeleka usimdanganye kwamba mnaenda sokoni. Mwambie mnaenda kwa mtu anayeongea na watoto wenye huzuni, na kwamba huyo hapigi sindano.