Wanafunzi wangu wanapanga mawe kwa rangi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la tano hapa Mwanza. Niliwaletea wanafunzi mawe 12 wayatambue, wakayapanga kwa rangi na ukubwa. Kokoto za graniti wakaziweka mbali na bonge la graniti hiyo hiyo. Mmoja akasema lile laini ni “jiwe la ziwani”. Niwape majina wakariri?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Majina yasubiri. Huyo wa “jiwe la ziwani” ulimuuliza amejuaje? Huenda alilipapasa akakuta halina kingo, akakumbuka mawe yanavyosagana ufukweni. Hajasema ni jiwe la aina gani, ila amesema limepitia nini, na amefikia hapo kwa vidole vyake.

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha Moshi, binti mmoja alishika jiwe jeusi lenye vitundu akasema, “Hili lilichemka kama uji.” Nikamjibu, “Hapana, ni basalti,” darasa zima likaandika. Kumbe alikuwa amefika penyewe: vile vitundu ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipoganda. Muhula ule hakunyoosha mkono tena. Hadi leo linaniuma.

Kuhusu kokoto, Mwanza mna bahati, majabali mnayo hadi uani. Wapeleke kwenye jabali, kila mtoto na kokoto yake mkononi. Uso wa jabali umechakaa kwa jua na mvua. Kokoto imepasuliwa juzi tu, ndiyo maana rangi zinawadanganya. Wailoweshe kokoto, watafute chembe nyeupe au za waridi, za kijivu kama kioo, na vimeta vya ulanga. Kisha wazitafute chembe hizo hizo jabalini, hasa palipomeguka. Waache wabishane, wewe uliza tu: “Umeona nini?” halafu “Unadhani nini?” Watoto huyachanganya haya mawili, hata sisi walimu.

Ukiwapa msumari wakwaruze, simama karibu. Kwenye chembe ile ya kijivu wataona mstari, washangilie kwamba jiwe limechorwa. Usiwasahihishe. Mwambie mmoja alowanishe kidole, asugue. Mstari ukifutika, waulize ulikuwa wa nini, kisha wape muda wauangalie vizuri ule msumari.