Usianze na migomba

Juzi binti wa dada yangu alinipigia akiwa stendi kuu ya Arusha. "Shikamoo mjomba, nimepata kazi. Napelekwa Nyanza-Lac." Huko ni kusini mwa Burundi; atakuwa bibi shamba kwa Warundi wanaorudi makwao kutoka kambi za Kigoma, na alitaka kujua abebe mbegu gani. Nikamwambia mbegu zisubiri, kwanza nimsimulie nilivyoharibu mimi.

Mwaka 2008 nilikuwa pande hizohizo za Makamba. Wengi waliokuwa wakirudi walikimbia mauaji ya 1972. Waliondoka vijana, wanarudi na wajukuu wanaojua Kiswahili kuliko Kirundi. Sasa mimi ni mtoto wa Old Moshi, nimelelewa kihambani: ndizi juu, kahawa katikati, magimbi na maharage chini. Kwetu boma lisilo na mgomba ni pori. Basi nikagawa miche ya migomba. Mzee mmoja nilimpandia kwa mkono wangu, mashimo ishirini, samadi tele. Siku ya nne asubuhi tukakuta yote imeng'olewa na kulazwa kando ya njia, imepangwa mstari mmoja.

Aliyeng'oa hakuwa mwizi. Ni jirani aliyekilima kile kipande zaidi ya miaka thelathini, na shauri lao lilikuwa bado kwenye CNTB, tume ya ardhi iliyoundwa 2006. Mchagga mzima nilipaswa kujua: ukipanda mgomba kwenye ardhi yenye ubishi umeshatangaza kwamba ni yako. Mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa hapahapa Arusha, Agosti 2000, na ardhi ya wakimbizi imo ndani yake. Mpakani mwa shamba la yule mzee hakuna aliyekuwa ameuona.

Kwa hiyo ukifika, kaa na watu jioni. Uliza nani alilima hapa mwaka jana na nani anapadai. Jibu likichelewa, panda kinacholiwa kikaisha kabla kesi haijaitwa. Mchicha, wao wanauita lengalenga, unauchuma wiki ya tatu au ya nne. Majani ya kunde nayo hayakawii. Maharage ni miezi mitatu hivi. Mtu akihamishwa, angalau ameshakula. Na mchicha hauhitaji hata shamba: kiroba chenye udongo na samadi, kitoboe ubavuni, kiegemeze ukuta wa jiko.

Kingine ni mbegu kuliwa. Niliingia kwa mama mmoja nikamkuta anaosha maharage kwenye beseni, maji yamegeuka ya pinki. Ilikuwa mbegu tuliyompa juzi yake, iliyotiwa dawa. Alikuwa anamwaga maji mara ya tano, ananusa, anaweka mengine. Hakuwa mjinga. Alikuwa na watoto wanne, na sisi tulikuwa tumemletea mbegu bila unga. Tangu siku hiyo sibishani na mtu: mbegu na chakula vishuke kwenye gari moja, la sivyo gari lisije.

Muhogo mchungu nao uangalie. Mwenye njaa hufupisha siku za kuloweka na kuanika, na sumu inabaki. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa sababu hiyo.

Kuhusu lishe ya watoto, atakuja mtu na unga wa nafaka saba. Mimi huuona ni mbwembwe, tena ghali. Nyanza-Lac iko ziwani, kuna ndagala, yaani dagaa, na kuna mawese. Mtoto akishatimiza miezi sita, saga ndagala wakavu wawe unga, tia kwenye uji. Mboga zipikwe na mawese kidogo: mafuta husaidia mwili kuchukua vitamini A, na mawese mekundu yenyewe yanatoa kitu kinachogeuka vitamini hiyo mwilini.

"Sasa mjomba, nibebe nini?" Hakuna, nikamwambia. Mbegu kuvuka mpaka zinataka cheti cha afya ya mimea, na lengalenga imejaa masoko ya kulekule. Kimya kidogo. Kumbe alishapita soko la Tengeru akanunua nusu kilo ya mbegu ya mchicha. Nimemwambia aiache kwa mama yake, imwagwe nyuma ya jiko.