Kwa unayetoka bendi ya skuli na unataka kukaa nyuma ya dramseti

Skuli nilivaa dramu ndogo kwa mkanda begani miaka minne. Tukifanya mazoezi uwanjani jua linapopungua, na kila ikikaribia tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, mazoezi yakawa ya kila siku. Mwalimu wetu alisisitiza jambo moja tu: vijiti vya vijana wote vishuke kwa pamoja, lisisikike pigo la pembeni. Mikono yangu ilijengeka pale, na namuombea kheri mpaka leo. Lakini yapo mambo mawili ya gwaride yaliyonichelewesha sana nilipoingia bendi ya kopi, yaani inayopiga nyimbo za wengine, na kwa kuwa wengi wetu hapa Unguja tunapitia njia hiyo hiyo, nataka uyajue mapema.

La kwanza ni miguu. Kwenye gwaride mguu kazi yake ni kutembea, na dramu kubwa amebeba mwenzako. Ukikaa kwenye dramseti, ile dramu ya mwenzako imehamia kwenye mguu wako wa kulia, matoazi yamehamia mguu wa kushoto na mkono wa kulia, na wewe umebaki na snea, ile dramu yako ndogo, katikati. Mara ya kwanza nilipokaa, kila mkono wa kulia uliposhuka mguu wa kulia ulifuata bila ya kuamrishwa. Ilinichukua miezi mitano kuvitenganisha, nami sikuwa na dramu nyumbani. Nilitumia kiti. Paja la kulia likawa haihati, yale matoazi mawili ya mguu wa kushoto, paja la kushoto snea, sakafu ikawa dramu ya besi. Nikaweka metronomu ya simu, ile inayogonga mwendo, kwenye mapigo 60 kwa dakika na sikuongeza hata mapigo manne mpaka nipige dakika mbili kamili bila ya kukosea. Ukikaa kwenye maghorofa ya Michenzani, mazoezi ya namna hii ndiyo yatakayokuacha uelewane na jirani wa chini, ila vua viatu.

Na usiache zoezi la kulia, kushoto, kulia, kulia, halafu kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Linachosha, lakini hilo ndilo linaloufanya mkono wa kushoto usiwe mtumwa wa wa kulia.

La pili, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike, ni sauti. Uwanjani tulipiga ili jukwaa la mbali lisikie. Nikachukua nguvu zile zile nikaenda nazo kwenye kazi yetu ya kwanza, hoteli moja ya Nungwi, mgahawa wa wazi wenye meza kumi na mbili hivi. Wageni wa meza za mbele walihama wimbo wa pili. Meneja alikuja mara tatu kutuomba tupunguze, na wenzangu wakapunguza magita na kinanda, lakini dramu haina kitufe cha kupunguzia. Tulipiga pale wiki tatu, ya nne hatukuitwa. Wenzangu hawakunilaumu kwa mdomo. Nilijua mwenyewe.

Aliyenifundisha kupiga taratibu ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpiga dumbaki, ngoma ya taarabu, na hakunifundisha kwa dramseti. Alinichukua kwenye kidumbaki, muziki wetu wa harusini. Kama hukuwahi kukikalia karibu, tafuta nafasi: vidumbaki viwili, kimoja kinashika mwendo na kingine kinapamba, sanduku la mbao lenye uzi mmoja linalofanya kazi ya besi, cherewa, yaani manyanga, mkwasa, na fidla ikipatikana. Mimi nilipewa mkwasa, yaani vijiti viwili tu vya kugonga mwendo. Usiku mzima sikuruhusiwa kuongeza hata pambo moja. Akina mama wanacheza, mwimbaji anavuta neno mpaka unahisi wimbo umesimama, na mzee ananitazama tu kuona kama nitavutika naye. Nilivutika mara nyingi. Harusi ya nne au ya tano nikaanza kuelewa kuwa mwimbaji anaweza kuvuta neno namna ile kwa sababu yupo mtu nyuma yake ambaye havutiki. Dramu kwenye bendi ni kazi hiyo hiyo. Watu watakwambia taarabu na kidumbaki ni muziki wa wazee na hauna msaada kwa anayetaka kupiga rege hotelini. Hawajui wanachokisema. Hakuna darasa la dramu lililonifaa kuliko lile, na nimepita darasa la kulipia pia.

Ukitaka la kulipia, DCMA, chuo cha muziki kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2002 katika jumba la forodha la zamani pale Mizingani, kimewafundisha wengi taarabu na ngoma zetu. Nenda uulize.

Kupiga taratibu kuna ufundi wake. Usiinue kijiti juu, kikae kama vidole vitatu kutoka kwenye ngozi. Tumia vijiti vyembamba au brashi. Tia kanga kuukuu ndani ya dramu ya besi. Halafu yatunze masikio, maana kwa kipimo kinachotumika na wataalamu wa usalama kazini, sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo kwa muda wa saa nane, lakini ikifika 100 ni dakika 15 tu, na dramu hufika huko kwa urahisi. Nunua vizibo vya masikio kabla ya kununua toazi la pili.

Kuhusu nyimbo zenyewe: bendi ya kopi hapa itakudai zilipendwa, rumba la Kongo, rege, na mgeni hakosi kuomba nyimbo za Queen akishaambiwa kuwa mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, mwaka 1946. Kila mtindo uulize uzito wake unaangukia wapi. Kwenye rege ya asili pigo la kwanza linaachwa tupu, mguu na snea vinashuka pamoja kwenye la tatu. Kwa mtu wa gwaride hilo ni tabu kubwa, maana mwili umezoea kulikanyaga la kwanza. Kwenye rumba hatari ipo pale beti zinapokwisha na magita yakaingia sebene, ile sehemu ya kuchezea. Watu wanainuka, damu inachemka, na ukijisahau mnamaliza mbio, mpiga solo vidole vinamuuma. Kaa upande wa mpiga besi, umsikie yeye kuliko unavyojisikia.

Wimbo mpya mimi nausikiliza mara tatu bila ya kushika kijiti: mara ya kwanza gita la besi tu, ya pili mwimbaji tu, ya tatu naandika kwenye daftari beti ngapi, kiitikio kinaingia wapi, na unamalizikaje. Mwisho wa wimbo ndio unaoaibisha bendi nyingi.

Vyombo: chumvi ya bahari inakula kila kitu. Baada ya kazi za pwani pangusa vyuma kwa kitambaa kikavu na utie mafuta kidogo kwenye skrubu. Dramseti nzima haipandi daladala, na Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka mjini, kwa hiyo maneno ya gari na chakula myamalize kabla ya kukubali kazi. Hata ukikuta dramu za hoteli, nenda na snea yako, pedali yako na ufunguo wako wa kukazia ngozi.

Kazi yako ya mchana usiiache. Mimi nauza vifaa vya umeme Mwanakwerekwe na ndivyo vinavyonilisha. Ramadhani muziki unasimama, na masika ya Aprili na Mei wageni huwa wachache. Nazitumia siku hizo kurudi kwenye kiti na mapaja yangu. Na jioni za kazi, zijue saa za adhana. Bendi inyamaze kabla ya muadhini kuanza, isingoje kuja kukumbushwa. Wewe ndiye unayemaliza wimbo, basi saa iangalie wewe.

Siku ukienda kujaribiwa na bendi, hawatakuomba uoneshe madoido. Watakwambia tu, hesabu tuanze. Hapo usikimbilie kugonga vijiti. Imba kiitikio kimoyomoyo kwanza, kwa sababu beti la kwanza karibu kila mtu huliwaza kwa haraka kuliko lilivyo. Ukiupata mwendo wa kiitikio, ndio uhesabu nne.