Mwizi wa miaka 16 akifika 40 anakuwa nani? Majibu ya maswali yenu

Wiki hii mmeniandikia kuhusu watoto wenu, wadogo zenu, hadi baba zenu, nimechukua manne tu maana ukiyasoma yote yanauliza kitu kimoja, mtu akishakosea ndo basi?

Mwanangu wa miaka 16 kakamatwa na wenzake wameiba simu, ndo mara yake ya kwanza. Ndugu wananiambia samaki mkunje angali mbichi, nimwache akae ndani miezi kadhaa ashike adabu. Nifanyeje?

Mama pole sana, najua hata usingizi huna. Ila usikubali hilo. Tangu mwaka 1831 Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, alipopekua takwimu za mahakama za Ufaransa, picha ni ile ile, uhalifu unapanda haraka ujanani, unafika kileleni, halafu unashuka kadiri miaka inavyokwenda. Siku hizi kwenye wizi mdogomdogo kilele kinakuja mapema, kwenye miaka 16 hadi 19 hivi, mambo ya ngumi na visu yanachelewa kidogo. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt akawagawa vijana wanaokosea makundi mawili: kuna wachache wanaoanza wadogo kabisa, yaani mtoto wa darasa la kwanza anaumiza wenzake, anaiba, shule imemshindwa, na hao ndo wako hatarini kuendelea ukubwani. Halafu kuna kundi kubwa linaloanza kwenye balehe pamoja na marafiki, wakikua wanaacha. Wako kwa ulivyoeleza anafanana na hao wa pili.

Mimi naogopa kitakachofuata kuliko hiyo simu. Akifukuzwa shule, akiandikiwa rekodi, akilala miezi na wazoefu wakimfundisha kazi, jambo ambalo lingepita linaweza kumganda. Kumkunja mkunje, arudishe simu, amwombe msamaha mwenyewe uso kwa uso, kama imeharibika afanye vibarua ailipe. Lakini akunjwe mikononi mwako mama, sio huko.

Mdogo wangu akiwa nyumbani mpole kabisa, akikaa na wenzake anakuwa mtu mwingine. Anatuigizia?

Haigizi. Wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu gemu ya gari, matokeo wakayatoa 2005. Gari inakwenda, taa inageuka njano, ukiendelea unapata pointi zaidi lakini muda wowote ukuta unaweza kutokea mbele ukapoteza zote. Wengine walicheza peke yao, wengine wenzao wawili wamesimama pembeni wanawashauri. Wenye miaka 13 hadi 16 wakiwa na wenzao walijitosa zaidi sana, watu wazima kuwa na wenzao hakukuwabadilisha kitu! Ubongo wa mbele, ule wa kujizuia, unaendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu, na macho ya rafiki katika umri huo yana nguvu kuliko mawaidha yako yote. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia ulizia yuko na nani saa hizi, na jioni zake zina shughuli gani.

Baba yangu ana miaka 64, mtu wa heshima zake, karibuni kaanza kubeba vitu dukani bila kulipa na hela anazo. Tunaona aibu hata kusema.

Mpelekeni hospitali, msichelewe. Mtu ambaye hajawahi kuiba maisha yake yote akianza uzeeni, tena bila shida, inaweza kuwa ugonjwa wa ubongo. Kuna aina ya demenshia, yaani ugonjwa wa akili kudhoofika, inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, kumbukumbu mwanzoni inaweza kuwa nzuri tu, kinachoondoka ni haya na kujizuia. Aibu wekeni pembeni.

Nilitoka jela nina miaka 23, sasa nina 34, sijagusa cha mtu tangu siku hiyo. Kila nikiomba kazi wakiona rekodi basi.

Kaka, hili linaniuma kwa kweli. Watafiti wa uhalifu Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia watu waliokamatwa mara ya kwanza New York mwaka 1980. Aliyekamatwa kwa unyang'anyi akiwa na miaka 18, akikaa bila kukamatwa tena, baada ya miaka kama 7.7 uwezekano wake wa kukamatwa ulikuwa umeshuka hadi kulingana na wa watu wa rika lake kwa ujumla, na wa kuvunja nyumba ilikuwa 3.8 tu. Wewe una 11. Ukienda kuomba, waambie mwenyewe kabla hawajakuta, anza na hiyo 11, na ubebe barua ya yeyote aliyewahi kukupa kazi hata kibarua cha mwezi. Na kama kuna mwajiri anasoma hapa, nakuomba ukikuta rekodi kwenye fomu ya mtu, kabla hujaiweka pembeni angalia tarehe.